Herufi moja ndani ya mlinganyo wa Dirac

Mlinganyo ambao Paul Dirac aliuandika mwaka 1928 kueleza elektroni una konstanti mbili za maumbile: c, kasi ya mwanga, na ħ, konstanti ya Planck iliyogawanywa kwa 2π. Herufi ya tatu ni m, masi ya chembe yenyewe. Kwa herufi hizo tatu urefu mmoja tu unaundika, ħ/mc, ambao kwa elektroni ni mita 3.86 × 10⁻¹³. Huo ni urefu wa elektroni, si wa nafasi. Muoni, jamaa ya elektroni iliyo nzito mara 207 zaidi, ina wake mfupi kwa kiasi hicho hicho, na protoni ina wake. Nafasi yenyewe, kwa mlinganyo huo, haina punje wala mshono: ikate nusu, kisha nusu ya nusu, hutafika mahali pa kukwama.

Graviti ndiyo inayoleta kikwazo. Ili uone kitu kidogo unahitaji wimbi fupi, na wimbi fupi lina nishati kubwa: ħc gawanya kwa urefu unaotaka kuuona. Nishati hiyo ukiibana ndani ya nafasi finyu, inaipinda nafasi. Endelea kulifupisha wimbi na utafika mahali ambapo nishati ya kupimia inatosha kutengeneza shimo jeusi lenye upana uleule uliotaka kuupima, na hapo chombo kinameza jibu lake. Mahali penyewe ni karibu na √(ħG/c³), yaani mita 1.6 × 10⁻³⁵, urefu ambao Max Planck aliupendekeza mwaka 1899 kama kipimo cha asili. Matvei Bronstein wa Leningrad alionyesha mwaka 1936 kwamba graviti inaweka ukomo wa upimaji ambao umeme na sumaku havina. Mwaka 1964 Alden Mead aliifikisha hoja hiyo kwenye urefu wenyewe.

Basi inaonekana jambo la kawaida kabisa kuchukua mlinganyo wa Dirac, au ule wa Klein na Gordon wa mwaka 1926, na kuuongezea herufi moja: ℓ, urefu wa msingi usiopunguzika. Kuiandika herufi hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Matatizo yanaanza jioni yake. Ninachoshikilia katika makala hii ni kwamba mlinganyo uliorekebishwa haujawa utabiri mpaka mwenye kuurekebisha aseme waziwazi mambo matatu: ulinganifu upi wa Einstein ameuvunja au ameukunja, chembe mbili zinajumlishaje momenta zao (kiasi cha mwendo) chini ya sheria mpya, na vitanzi vya kwanta, yaani chembe kutoa nyingine na kuzimeza tena, vinaifanya nini ile ℓ. Kazi nyingi zinazotolewa kuhusu mada hii hukokotoa viwango vya nishati vya atomu ya hidrojeni na kuishia hapo. Hapo ni mapema mno.

Swali la kwanza ni la zamani kuliko fizikia. Dhiraa ni urefu kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, na mwenye duka la vitambaa na mteja wake wote wanajua kwamba mzozo huanzia pale pale: mkono wa nani? Urefu wa msingi unaulizwa hivyo hivyo. Einstein alifundisha kwamba rula inayopita mbele yako kwa kasi huiona fupi kuliko aliyeishika anavyoiona. Ukisema ℓ ndiyo ndogo kuliko zote, je, ni ndogo kwa aliyesimama au kwa anayepita kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga? Kwa kasi hiyo urefu hupungua mara 7. Kama ℓ inapungua, si ya msingi tena. Kama haipungui, kanuni za Lorentz, zinazounganisha vipimo vya watazamaji wenye kasi tofauti, zimebadilika na lazima uonyeshe zimebadilika vipi.

Njia inayomjia mtu kwanza ni gridi. Chukua nafasi ya kipimo kimoja, weka vitone vilivyoachana kwa a, na pale Dirac alipoweka kiwango cha mabadiliko ya ψ, wimbi la elektroni, weka tofauti ya ψ ya kitone cha kulia na ya kitone cha kushoto, gawanya kwa 2a. Nishati inatoka hivi: E² = m²c⁴ + (ħc/a)² sin²(pa/ħ). Momenta ikiwa ndogo, sin(pa/ħ) ni sawa na pa/ħ, na unapata jibu la Einstein bila kasoro. Lakini sini inarudi kwenye sifuri pale p inapofika πħ/a. Maana yake, pembezoni mwa momenta zinazoruhusiwa kuna elektroni ya pili, nyepesi sawasawa na ya kwanza, ambayo hakuna aliyeikaribisha. Katika vipimo vitatu vya nafasi zinakuwa 8. Ukiweka na wakati kwenye gridi, 16.

Kenneth Wilson aliziondoa pacha hizo kwa kuongeza kwenye masi kipande kinacholingana na (1 − cos(pa/ħ))/a. Karibu na momenta sifuri kipande hicho ni kama hakipo; kwenye p = πħ/a kinakuwa 2/a, na pacha anakuwa mzito kiasi cha kutoonekana. Gharama yake ni hii: kipande hicho ni masi, na masi huchanganya chembe za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia (mkono ni upande chembe inaojizungushia ukilinganisha na mwendo wake), ilhali kani dhaifu ya nyuklia hugusa za mkono wa kushoto peke yake. Nielsen na Ninomiya walithibitisha mwaka 1981 kwamba hili si suala la kukosa ustadi. Gridi ya kawaida, ambamo kila kitone huwasiliana na majirani wa karibu, haiwezi kubeba chembe ya mkono mmoja bila pacha wake. Kwa hiyo anayesema ulimwengu wenyewe ni gridi ya upana wa Planck anapaswa kwanza aeleze nutrino, chembe inayoonekana kwa mkono wa kushoto tu, imetokaje humo.

Kuna wanaojibu kwamba wakokotoaji wa kani kali ya nyuklia hutumia gridi kila siku na wanapata masi ya protoni sawasawa. Ni kweli, ila mazingira ni tofauti. Gridi yao ina upana wa kama mita 10⁻¹⁶ au chini kidogo, wakati umegeuzwa kuwa kama kipimo cha nne cha nafasi, na ulinganifu wa kuizungusha gridi nyuzi 90 upande wowote unatosha kuzuia makosa mabaya. Juu ya hayo, mwishoni a inapelekwa sifuri. Kwao gridi ni jukwaa la fundi, linabomolewa nyumba ikiisha. Anayetaka ℓ ya kudumu hana ruhusa ya kulibomoa.

Njia ya pili ni kuacha nafasi ilivyo na kuongeza mabadiliko ya vipeo vya juu. Katika vizio ambavyo ħ na c ni 1, Klein na Gordon waliandika (□ + m²)φ = 0, ambapo φ ni wimbi la chembe na □ hupima mabadiliko yake ya kipeo cha pili katika wakati na nafasi. Ongeza ℓ²□². Uzuri wake ni kwamba □ ni ileile kwa watazamaji wote, hivyo swali la dhiraa halitokei kabisa. Sasa tafuta suluhisho: −p² + m² + ℓ²p⁴ = 0, ambapo p² ni momenta ya vipimo vinne, yaani kipeo cha pili cha nishati toa kipeo cha pili cha momenta. Majibu ni mawili, p² = [1 ± √(1 − 4ℓ²m²)] / 2ℓ². La kwanza ni karibu na m², ile chembe uliyoanza nayo. La pili ni karibu na 1/ℓ², chembe mpya yenye masi ya Planck, mikrogramu 22 hivi. Kwa elektroni ℓm ni 4.2 × 10⁻²³, kwa hiyo tofauti inayoletwa kwenye masi yake ni ndogo kupita kiasi, na ukiishia hapo utafurahi.

Lakini ligawe jibu katika vipande viwili, kimoja cha kila chembe, na utaona alama zao zimepingana. Chembe nzito inaingia na alama hasi. Ama uwezekano wake ni chini ya sifuri, jambo lisilo na maana, ama nishati yake haina sakafu, na ombwe lenyewe linaweza kuporomoka kwa kuzaa chembe nzuri na mbaya kwa jozi bila kikomo. Wanafizikia huiita mzuka. Mikhail Ostrogradsky alikwisha kuona chanzo chake mwaka 1850 katika mekanika ya kawaida, na Pais na Uhlenbeck walilichambua tatizo hilo kwa ajili ya nadharia za kwanta mwaka 1950. Kubadili alama ya ℓ² hakusaidii: jibu la pili linakuwa p² ≈ −1/ℓ², chembe ipitayo kasi ya mwanga, na ombwe linayumba kwa namna nyingine.

Kosa la utendaji linaloambatana na njia hii ni la kila siku. Mlinganyo wa kipeo cha nne una suluhisho nne pale wa awali ulipokuwa na mbili, na zile mbili za ziada hubadilika ndani ya umbali wa ℓ. Ukiuweka kwenye kompyuta ukaacha programu ikokotoe, hizo za ziada hulipuka na kufunika jibu halisi. Ukiweka chembe kwenye kisanduku, masharti ya kuta hayatoshi, na mtu huongeza masharti mawili ya kubuni bila kusema. Mwendo wa uaminifu ni kutumia kipande cha ℓ² kama sahihisho dogo peke yake: tatua mlinganyo wa zamani, kokotoa wastani wa kipande kipya juu ya suluhisho hilo, simama hapo. Anayetaka zaidi ya sahihisho anaweza kutumia e^(ℓ²□), ambayo haina jibu la ziada popote na hivyo haina mzuka. Badala yake nafasi inapoteza ujirani: kinachotokea hapa kinategemea moja kwa moja yaliyo mbali kiasi cha ℓ, na mpangilio wa sababu na matokeo ndani ya umbali huo unapaswa kuthibitishwa upya.

Njia ya tatu ndiyo yenye wafuasi wengi, nayo inaanzia kwa Heisenberg. Kanuni yake ya kutokuwa na uhakika hutokana na x na p kutobadilishana zamu: xp − px = iħ. Mwaka 1995 Kempf, Mangano na Mann waliipanua kuwa iħ(1 + βp²). Matokeo yake, Δx, mashaka ya mahali, haiwezi kushuka chini ya (ħ/2)(1/Δp + βΔp), ambapo Δp ni mashaka ya momenta. Ongeza Δp uone: kipande cha kwanza kinashuka, cha pili kinapanda, na pale Δp inapokuwa 1/√β unapata Δx ndogo kuliko zote, ħ√β. Huo ndio urefu wa msingi, na umepatikana bila kuikata nafasi. Kwa kawaida β huandikwa β₀ℓ²/ħ², ambapo ℓ ni urefu wa Planck na β₀ ni namba ambayo nadharia ingetarajia iwe karibu na 1.

Makosa mawili hapa yanarudiwa mno. La kwanza: mtu huandika x = iħ(1 + βp²)∂/∂p, kisha anakokotoa wastani kwa uzani wa kawaida dp. Kwa uzani huo x si opereta halali ya kupimia, na majibu yanaweza kutoka na sehemu ya kufikirika. Uzani sahihi ni dp/(1 + βp²). La pili huja unapotoka kipimo kimoja kwenda vitatu. Huko kuna namba mbili, β na β′, na x, y na z haziendelei kubadilishana zamu zenyewe kwa zenyewe isipokuwa, kwa hatua ya kwanza ya sahihisho, β′ = 2β. Asiyelitaja sharti hilo kisha akaandika nishati ya mvutano wa umeme wa Coulomb kama 1/r, r ikiwa umbali, ametumia r ambayo nadharia yake haina.

Kuna mtazamo mmoja wa njia hii ambao naona hausisitizwi vya kutosha. Acha x na p za kawaida, kisha weka momenta mpya P = tan(√β p)/√β. Utapata xP − Px = iħ(1 + βP²) kamili, bila kukadiria. Sasa p inaishia ±π/(2√β), kama kwenye gridi, lakini tanjenti haigeuki kurudi kwenye sifuri kama sini; inapanda tu hadi isiyo na mwisho. Kwa hiyo unapata ukomo wa urefu wa wimbi bila pacha wa gridi. Kwangu hiyo ndiyo sababu nzito ya kuipendelea njia hii kuliko gridi, nzito kuliko zile za nadharia ya uzi zinazotajwa zaidi. Dosari yake kubwa ni kwamba, jinsi inavyotumika kwa kawaida, inagusa nafasi na kuuacha wakati. Quesne na Tkachuk waliandika mwaka 2006 toleo linalouheshimu ulinganifu wa Lorentz, na anayerekebisha mlinganyo wa Dirac angepaswa kuanzia huko.

Sasa tuone namba, kwa sababu namba ndizo zinazotenganisha matumaini na kazi. Badili p ya hidrojeni kuwa p(1 + βp²), na nishati inapata kipande cha βp⁴/m. Wastani wa p⁴ kwenye hali ya chini kabisa, 1S, ni 5(ħ/a₀)⁴, ambapo a₀ ni nusu kipenyo cha Bohr, mita 5.29 × 10⁻¹¹. Kwa hiyo nishati inapanda kwa 5β₀(ℓ/a₀)² mara elektronivolti 27.2. Uwiano ℓ/a₀ ni 3.05 × 10⁻²⁵, kipeo chake cha pili 9.3 × 10⁻⁵⁰, na jibu ni elektronivolti 1.3 × 10⁻⁴⁷ mara β₀. Hali ya pili, 2S, ina 13/16 pale ya kwanza ilipokuwa na 5. Masafa ya mruko wa 1S kwenda 2S yanashuka kwa Hz 2.6 × 10⁻³³ mara β₀.

Mruko huo ni kati ya vitu vilivyopimwa kwa umakini mkubwa kuliko vyote katika fizikia: Hz 2,466,061,413,187,035, na kosa la kama Hz 10, kazi ya maabara ya Garching nchini Ujerumani iliyotangazwa mwaka 2011. Hata hivyo, kama β₀ ni 1, saa mbili zilizotofautiana kwa kiasi kile zingehitaji sekunde 4 × 10³² kuachana kwa mpigo mmoja, na umri wa ulimwengu ni sekunde 4 × 10¹⁷ tu. Ukirudi nyuma na kuuliza vipimo vya atomu vinaruhusu β₀ gani, unafika kwenye 10³⁶ hivi ukihesabu mashaka ya nadharia na ya ukubwa wa protoni. Das na Vagenas walifikia kiwango hicho mwaka 2008 kwa mteremko wa Lamb, tofauti ndogo kati ya viwango vya hidrojeni. Kipeuo cha pili cha 10³⁶ ni 10¹⁸, yaani urefu wa msingi wa mita 10⁻¹⁷. Kichapuzi cha chembe cha CERN, kwa nishati yake ya TeV 13.6 (elektronivolti trilioni 13.6), kinachungulia hadi mita 1.5 × 10⁻²⁰. Hidrojeni inarudia kukataza yale ambayo kichapuzi kimekwisha kuyakataza, tena kwa udhaifu mara elfu. Ndiyo maana nasema kukokotoa viwango vya hidrojeni na kuviita mtihani wa ℓ ni kumpa msomaji mahesabu sahihi yasiyo na uzito.

Mtihani wenye uzito umetoka angani. Kama sahihisho ni la kipeo cha kwanza cha ℓ, kasi ya fotoni, chembe ya mwanga, yenye nishati E inapungua kwa sehemu E/E_P, ambapo E_P ni nishati ya Planck, GeV (elektronivolti bilioni) 1.22 × 10¹⁹. Sehemu hiyo ni ndogo, lakini njia ni ndefu. Tarehe 10 Mei 2009 satelaiti ya Fermi ilinasa mlipuko wa miali ya gama kutoka umbali ambao mawimbi ya mwanga wake yamerefushwa kuelekea wekundu kwa sehemu 0.903. Fotoni moja ilikuwa na GeV 31. Gawanya 31 kwa 1.22 × 10¹⁹, zidisha na muda wa safari uliosahihishwa kwa kupanuka kwa ulimwengu, sekunde kama 4.4 × 10¹⁷, na unapata ucheleweshaji wa sekunde 1 hivi. Fotoni ilifika chini ya sekunde 0.9 tangu mlipuko uanze. Darubini za H.E.S.S. kwenye nyanda za juu za Khomas, Namibia, nazo zilitumia mlipuko wa galaksi PKS 2155-304 wa Julai 2006 kufikisha kikomo kwenye GeV 2.1 × 10¹⁸, karibu sehemu ya sita ya Planck. Mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022, ulioonwa na LHAASO, kituo cha vihisi vya miali ya anga kule Sichuan, China, umekipeleka kikomo hicho hadi mara 10 ya nishati ya Planck. Kwangu kipeo cha kwanza kimekwisha. Anayeandika leo mlinganyo wa Dirac wenye ℓp bila ulinganifu wa kuukinga ucheleweshaji huo anaandika kitu kilichokataliwa na anga.

Kipeo cha pili kimesalimika: data hizohizo za LHAASO zinafika GeV 7 × 10¹¹ tu, chini ya Planck zaidi ya mara milioni 10. Wengi wamehamia huko kwa usalama. Usalama huo una ufa, na ufa huo ulionyeshwa mwaka 2004 na Collins, Perez, Sudarsky, Urrutia na Vucetich. Naona makala yao haijapewa heshima inayostahili. Elektroni haitembei peke yake. Hutoa fotoni na kuimeza tena, na nadharia ya kwanta inataka ujumlishe michango ya momenta zote ndani ya kitanzi hicho. Momenta hizo zinapanda hadi 1/ℓ, na huko juu ukiukaji wa Lorentz si mdogo tena, ni wa namba 1. Mchango wa kitanzi kwenye kasi ya juu ya chembe hauna kipimo cha urefu, hivyo ℓ inajifuta kwenye jibu. Kinachobaki ni tofauti ya kasi baina ya aina za chembe ya kiasi cha nguvu ya mwingiliano, sehemu moja kwa mia au kwa elfu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ukiukaji uliofichwa kwenye mita 10⁻³⁵ unatokeza kwenye maabara ya kawaida.

Na maabara inasemaje? Kama fotoni ingekuwa na kasi ya juu kuliko elektroni kwa sehemu δ, basi fotoni yenye nishati ya kutosha ingevunjika kuwa elektroni na positroni, pacha yake yenye chaji chanya, pale δ inapozidi 2(mc²/E)². LHAASO imeona kutoka Nebula ya Kaa fotoni ya PeV 1.1 (PeV moja ni TeV elfu). Ilifika, haikuvunjika. Weka namba: 0.511 MeV gawanya kwa PeV 1.1 ni 4.6 × 10⁻¹⁰, kipeo cha pili mara mbili ni 4 × 10⁻¹⁹. Kitanzi kinatoa 10⁻² au 10⁻³, anga inaruhusu 10⁻¹⁹ upande huo. Ama mtu anapanga konstanti zake kwa mkono hadi tarakimu ya kumi na sita zifutane, ama anakuwa na ulinganifu unaokataza tofauti hiyo kutokea kabisa. Mimi siamini mpango wa kwanza.

Ndiyo sababu narudi kwa Hartland Snyder na makala yake ya mwaka 1947, ambayo ina jibu la swali la dhiraa. Mfano wake uko mikononi mwa kila mwanafunzi wa kwanta: mzunguko wa elektroni kwa mhimili wowote hupimwa kwa hatua za ħ, hakuna nusu hatua katikati, na bado ulinganifu wa kuzungusha haujavunjika hata kidogo. Unageuza mhimili, unapima tena, unapata hatua zilezile; kinachobadilika ni uwezekano wa kila jibu. Snyder aliifanyia nafasi jambo hilohilo. Aliweka xy − yx = i(a²/ħ)L, L ikiwa mzunguko kwa mhimili wa z, na momenta akaziweka kwenye uso uliopinda badala ya tambarare. Kila mtazamaji akipima x anapata hatua nzima za a, awe amesimama au anakimbia. Urefu haupungui kwa sababu si rula, ni hatua kati ya majibu yanayowezekana. Lorentz anabaki mzima.

Gharama inahamia kwenye kujumlisha. Momenta zinazoishi kwenye uso uliopinda hazijumlishiki kama vekta za kwenye karatasi: kwa Snyder, kuunganisha ya kwanza na ya pili kisha ya tatu hakutoi jibu sawa na kuanza na ya pili na ya tatu. Katika ulinganifu uliokunjwa wa Lukierski, Nowicki, Ruegg na Tolstoy wa mwaka 1991, mpangilio wenyewe una maana: p kisha q si q kisha p. Hapo ndipo tatizo la mpira wa miguu linapoingia, na hilo ndilo jina lake hasa katika fani hii. Momenta ya Planck ni kilo 6.5 mara mita kwa sekunde. Mpira wa gramu 430 uliopigwa kwa mita 15 kwa sekunde unayo yote. Kama sahihisho la βp² lingetumika kwa mpira mzima, kila pasi uwanjani ingevunja sheria za Newton mbele ya watazamaji.

Jibu linalokubalika ni kwamba β ni ya chembe moja moja, na kitu cha chembe N zinazotembea pamoja kinapata β/N². Mpira una protoni na nutroni kama 2.6 × 10²⁶. Sahihisho linapungua mara 10⁵² na pasi zinabaki salama. Lakini hapo hapo yanaanguka mapendekezo ya kupima β kwa vioo vidogo vinavyotetema na vipande vya fuwele, yaliyovuma tangu mwaka 2012. Yote hujaza p ya kitu kizima ndani ya kanuni ya chembe moja. Giovanni Amelino-Camelia aliyapinga kwa hoja hiyo mwaka uliofuata, nami naona hoja yake haijajibiwa. Vikomo vyao ni vya kanuni ambayo mpira wa miguu umekwisha kuikanusha.

Ukimbana basi mwenye kushika njia ya ulinganifu uliokunjwa aseme pa kutazama, anabaki na kipeo cha pili, na hesabu yake ni kali. Fotoni ya TeV 1 kutoka umbali wa ule mlipuko wa 2009 ingechelewa kwa sekunde 6 × 10⁻¹⁵. Hakuna mlipuko wa nyota wenye ukingo mkali kiasi hicho. Kwa kuwa ucheleweshaji unakua kwa kipeo cha pili cha nishati, nutrino ndiyo inayoweza. Tarehe 13 Februari 2023 vihisi vya KM3NeT, vilivyozamishwa mita 3,450 chini ya bahari ya Sicily, vilinasa nutrino inayokadiriwa kuwa na PeV 220. Kwa umbali uleule na nishati hiyo ucheleweshaji wa Planck wa kipeo cha pili ni sekunde 0.0003, muda ambao saa za vihisi hivyo zinaupima bila taabu. Kinachohitajika ni nutrino kama hiyo iliyotoka kwenye tukio linalowaka na kuzima ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde, likiwa limeonwa pia kwa mwanga. Ile ya 2023 ilikuja peke yake, na chanzo chake bado hakijulikani.